Kijitabu cha Biblia na sayansi: nusu yake ningeinunua tena

Nilikinunua kwa shilingi 5,000 kwenye meza ya vitabu nje ya kanisa, baada ya ibada ya pili. Kurasa 64, maandishi makubwa yasiyoumiza macho. Jina la mchapishaji sitalitaja. Mimi nafundisha baiolojia sekondari, na Jumapili nina darasa la watoto, kwa hiyo kijitabu kinachoahidi kuonyesha kwamba Biblia na sayansi ya leo zinakubaliana kila mahali nisingeweza kukipita.

Sura ya chungu, hawa tunaowaita sisimizi, ndiyo iliyonifanya nisijutie hela yangu. Mithali 6 inamtuma mvivu akamtazame chungu, asiye na akida wala msimamizi, jinsi anavyojiwekea chakula wakati wa mavuno. Wasomi wa Ulaya walilitilia shaka jambo hilo, maana chungu wa nchi zao za baridi hawaweki akiba ya nafaka. Mwingereza Moggridge akawachunguza wale wa Menton, kusini mwa Ufaransa, akakuta maghala ya mbegu ardhini, akachapisha alichokiona mwaka 1873. Aliyeandika Mithali hakuhitaji kusubiri, kwa sababu chungu wa namna hiyo wapo tele katika nchi aliyoishi. Hata hilo la kukosa akida ni kweli: malkia kazi yake ni kutaga, haamrishi yeyote. Sura hiyo nimeirudia mara tatu.

Sasa fungua sura ya dunia. Mwandishi anaishika Isaya 40:22, penye "duara ya dunia", halafu anatangaza kwamba Isaya alijua dunia ni tufe. Jamani, hata sahani ni duara. Isaya huyo huyo, sura ya 22, anapozungumzia mtu kutupwa kama mpira, neno la Kiebrania ni jingine. Kwenye mzunguko wa maji anaegemea Mhubiri 1:7, isiyotaja popote maji kupanda juu, na anairuka Ayubu 36:27, ambapo matone ya maji yanavutwa juu kisha yanamwagika kuwa mvua. Aya iliyo karibu zaidi na tunachofundisha darasani, na hakuiweka!

Kinachoniuma hasa ni kilichoachwa. Walawi 11 haimo kabisa. Humo sungura anahesabiwa kati ya wanaocheua, popo yuko kwenye orodha ya ndege, na nzige wanatajwa kuwa na miguu minne. Mimi nafuga sungura. Alfajiri ukichungulia bandani utamwona anainama katikati ya miguu yake, anakipokea kwa mdomo kinyesi laini kinachotoka, anakimeza kipite tumboni mara ya pili. Hana tumbo la vyumba vinne kama ng'ombe, kwa hiyo hacheui. Lakini mtu wa kale aliyeona zile taya zikisaga bila kupumzika hakudanganya, alieleza alichokiona. Maneno hayo yangechukua nusu ukurasa tu.

Badala yake, mtoto wa miaka 11 darasani kwangu alikamata panzi, akahesabu miguu sita, akaniuliza, "Mwalimu, Biblia imekosea?" Nikafungua kijitabu, hakuna kitu. Ikabidi tusome wenyewe aya ya 21, inayoitaja kando miguu ya kurukia. Akamgeuza panzi wake, akahesabu upya: minne ya kutembelea, miwili mirefu ya kurukia. Hapo nikamwambia pia, bila kuzunguka, kwamba popo ananyonyesha na si ndege. Walawi wanawapanga kwa kuruka, sisi tunawapanga kwa maumbile ya mwili.

Mwalimu wa watoto anaweza kukinunua kwa ajili ya sura ya chungu. Sura ya dunia asiisome mbele ya wanafunzi wa sekondari, watamwumbua. Nakala yangu nimeichomeka karatasi mbili nilizoandika kwa mkono, moja ya Walawi 11, nyingine ya Ayubu 36, na ndiyo tutakayotumia Jumapili ijayo.