BET na SynthStrip: programu hizi nimezitumia zote mbili kumenya picha za ubongo, maoni yangu haya hapa

Wakuu, ukitaka kupima ukubwa wa ubongo kwenye picha za MRI kazi ya kwanza ni kuondoa kila kisicho ubongo: ngozi ya kichwa, mafuta, fuvu, macho, shingo, na ule utando mgumu uliofunika ubongo wenyewe. Mi naita kumenya, maana ni kama yai la kuchemsha ambalo halijapoa, usipokuwa makini gamba linaondoka na kipande cha yai. Huo utando ndo mtihani hasa, kwenye picha ya T1 (aina ya kawaida ya MRI ya ubongo) rangi yake inakaribiana sana na kijivu cha ubongo, lile tabaka la nje, ukibaki unahesabiwa kama ubongo na tabaka la kijivu linaonekana nene kuliko lilivyo.

Nilianza na BET, iko ndani ya FSL, mkusanyiko wa programu za picha za ubongo wa Chuo Kikuu cha Oxford, makala yake aliandika Stephen Smith 2002 na mpaka leo watu wanaitumia. Inavyofanya kazi inapendeza kwa kweli: inatafuta katikati ya kichwa, inaweka hapo tufe lililofumwa kwa pembetatu, halafu inalivimbisha kama puto mpaka lifike ukingo wa ubongo. Sekunde chache imemaliza, hata kwenye laptopu ya zamani isiyo na GPU (kadi ya michoro), na kwa hilo naiheshimu sana.

Ila inataka uisimamie. Kuna namba inaitwa -f, usipoigusa inakaa 0.5, ukiishusha unapata ubongo mkubwa zaidi, ukiipandisha inabana. Mimi niliiacha hivyo hivyo kwa skani zote za wazee niliokuwa nawapima, nikaenda moja kwa moja kwenye mahesabu bila kufungua picha hata moja, na kosa hilo ni langu. Kuja kuangalia majibu, mama mmoja wa miaka sabini na kitu ubongo wake umeongezeka ndani ya mwaka mmoja! Nikafungua FSLeyes, programu ya FSL ya kutazamia picha, nikaweka maski nyekundu (alama ya sehemu iliyohesabiwa kuwa ubongo) juu ya picha ya asili nikawa nashuka kipande kwa kipande. Skani ya kwanza ilikuwa na shingo ndefu, kwa hiyo katikati ya kichwa ikahesabiwa chini mno, huku juu upande wa paji ubongo umekatwa kama kwa kisu na huku chini nyama ya shingo bado ipo. Ya mwaka uliofuata iko sawa kabisa. Niliumia sana, maana nyuma ya lile faili kuna mtu, na kama skani mbovu ingekuwa ya pili tungeandika kwamba ubongo wake unasinyaa haraka.

Dawa ipo. Unakata shingo kwanza na robustfov, komandi nyingine ya FSL, inabakiza kama mm 170 kuanzia utosini kushuka chini, halafu kwenye BET unaongeza -R ili irudie kutafuta katikati mara kadhaa. Skani nyingi zilinyooka hapo, zilizobaki nikawa nabadilisha -f moja moja, na hapo roho ikaanza kunisuta maana kila mtu nampimia kwa kipimo chake.

Ndo nikahamia SynthStrip, ya timu ya FreeSurfer (programu nyingine ya picha za ubongo), imetoka 2022. Imefundishwa kwa picha zilizotengenezwa na kompyuta zenye rangi na kasoro za kila aina, kwa hiyo haishtuki ukiipa picha za aina nyingine kama T2, CT au hata PET. Komandi ni mri_synthstrip, -i faili linaloingia, -o linalotoka, -m maski, basi, hakuna namba ya kubembeleza. Kwenye laptopu yangu ya RAM ya GB 8 inachukua kama dakika moja kwa skani, ila mashine inahema, funga brauza kwanza. Kitu cha kujua ni kwamba inakuachia na maji yanayozunguka ubongo, kama huyataki weka --no-csf, na uamue mapema ili skani zote ziende njia moja.

Mwenye picha za uvimbe wa ubongo na GPU nzuri aijaribu pia HD-BET ya kule Heidelberg, ilifundishwa kwa picha za wagonjwa wa aina hiyo.

Zote hizi kwa utafiti usio wa biashara ni bure, gharama ni bando tu, FSL ni mzigo mkubwa kushusha na kwenye Windows lazima upitie WSL, yaani Linux inayokaa ndani ya Windows. Na tafadhali usifute picha ya asili yenye fuvu, kuna vipimo kama SIENAX (cha FSL, cha kupima ukubwa wa ubongo) vinalitumia fuvu lenyewe kusawazisha tofauti za ukubwa wa vichwa.

Kwangu SynthStrip ndo imebaki ya kila siku, BET naiita nikiwa na haraka. Skani zote mbili za yule mama nimezirudia kwa SynthStrip, komandi ile ile, nikazipitia kwa macho kuanzia utosini mpaka ubongo mdogo kule nyuma. Safari hii tofauti ya mwaka ni ndogo, ubongo wake umepungua kidogo tu.