TP-Link CPE510: Waifai Kutoka Kwangu Hadi kwa Shemeji

Ukitaka kupeleka waifai nyumba ya pili, achana na viripita, vile vifaa vya kuchomeka ukutani ili kurefusha waifai. Naanza na hilo kwa sababu ndicho kitu cha kwanza utakachouziwa Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, na muuzaji atakuapia kwamba kinafika hadi stejini. Ripita ya bei nafuu hupokea na kutuma kwa redio ileile moja, kwa hiyo karibu nusu ya kasi inapotea hata kabla ukuta haujachukua sehemu yake. Na huku Kayole kuta ni za mawe, mlango ni wa chuma, paa ni mabati. Chuma hakipitishi mawimbi, kinayarudisha yalikotoka.

Mimi nilinunua CPE510 mbili, vifaa vya kufunga nje ambavyo hurushiana mtandao kwa mawimbi, chini kidogo ya elfu sita kila moja. Moja iko kwenye paa langu, nyingine kwa kaka yangu, ng'ambo ya ploti ya wapangaji. Kati yetu kuna kama mita arobaini, kamba za kuanikia nguo, na tangi la maji la mtu ambaye hatuelewani sana. Shemeji, mke wa kaka, hufundisha watoto hesabu kwa video kila jioni, na bando za simu zilikuwa zinammaliza.

"Bosi, hii inapiga kilomita kumi na tano," muuzaji aliniambia.

"Mimi nataka ifike kwa shemeji tu."

Kifaa chenyewe ni cheupe, chembamba, urefu wake kama sentimita 22. Antena iko ndani na inatazama upande mmoja, ikifungua pembe ya nyuzi 45 hivi kwa mlalo. Hiyo ndiyo siri yake: ruta ya sebuleni inamwaga mawimbi kila upande, pamoja na jikoni na kwa majirani wasioyahitaji, ilhali hiki kinayaelekeza kule unakotaka. Tena kinatumia gigahazi 5. Kwenye 2.4 kila mpangaji ana ruta yake, na hewani kuna msongamano kama soko la mitumba la Gikomba siku ya kufungua bele.

Stima inapanda kupitia waya uleule wa mtandao. Ndani ya boksi kuna kijisanduku chenye matundu mawili: moja la waya unaotoka kwenye ruta, lingine la waya unaoenda juu. Hilo la pili linatoa volti 24 bila kuuliza kilichochomekwa ni nini, kwa hiyo weka laptopu mbali nalo. Kutoka hapo hadi kwenye paa usizidishe mita 60.

Waya wenyewe haumo kwenye boksi, na hapa ndipo watu wengi hupunjwa. Nunua ule wa nje, wenye ganda jeusi linalostahimili jua, na uwe wa shaba tupu. Mwingi wa bei ya chini ni aluminiamu iliyopakwa shaba, unaopoteza volti njiani na kukatika ukiukunja mara kadhaa. Kwangua ncha kwa wembe. Ukiona fedha chini ya wekundu, mrudishie mwenyewe.

Kuna atakayeuliza kwa nini nisivute waya moja kwa moja hadi kwa kaka, maana mita arobaini ziko ndani ya kikomo cha mita 100. Kwanza ungepita juu ya ploti ya watu. Pili, nyumba hizi mbili zina mita tofauti za stima na kila moja ina athi yake, yaani waya wake unaozikwa ardhini. Ukiziunganisha kwa shaba, radi ikipiga karibu wakati wa masika inaweza kuingia kwa mmoja na kutokea kwa mwingine, ikichoma vifaa vya wote wawili. Faiba isingekuwa na tatizo hilo, lakini bado ungepita juu ya ploti ya watu.

Kupanga vifaa si kazi ya kutisha. Kimoja unakiweka kiwe cha kutuma, kingine kiwe mteja wake, unaweka nywila ndefu, basi. Ukurasa wa mipangilio una sehemu ya kulenga antena: fundi anazungusha polepole huko juu, wewe unamsomea kwa simu namba ya nguvu ya mawimbi, ambayo ikikaribia sifuri ndivyo yalivyo makali. Sisi tulipata hasi 38, fundi akafurahi. Mimi sikufurahi. Kwa umbali mfupi hivi, mawimbi makali mno humziba mpokeaji. Tulipunguza nguvu ya kutuma hadi namba ikakaa karibu na hasi 55, na hapo mtandao ukatulia. Mafundi wengi hawafanyi hivyo, kwa hiyo simama naye hadi afanye.

Kwa shemeji, kifaa cha paani kinaishia kwenye ruta ya zamani iliyokuwa inalala kabatini. Tuliizima kazi yake ya kugawa anwani, tukachomeka waya kwenye tundu la kawaida badala ya lile la intaneti, nayo sasa inasambaza ndani ya nyumba tu. Faiba yangu ni ya megabiti 20 na kwake zinafika zote. Tundu la CPE510 lina kikomo cha megabiti 100, kwa hiyo mwenye kifurushi kikubwa kuliko hapo atafute kifaa kingine.

Udhaifu ninaouona ni stima. Upande wowote ukizimika, daraja limekufa, na tokeni za shemeji zina tabia ya kuisha saa moja jioni, katikati ya hesabu. Yupiesi ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, inasaidia, lakini hakikisha ina tundu la volti 24, kwa sababu baadhi huishia 12.

Wapangaji wa katikati wameshaniuliza nitawaunganishia kwa shilingi ngapi kwa mwezi. Hiyo ni biashara inayotaka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na mkataba wako wa faiba nao unaweza kukukataza, usome. Nimewaambia sifanyi, ila namba ya fundi nimewapa.