GIMP kwenye kilaptopu cha inchi 11, inatosha?

Kwa sie wa Dar tunaotengeneza kadi za harusi kwenye vilaptopu vya mtumba, GIMP, programu ya kuhariri picha, inafaa sana, tena ya bure. Kioo changu ni pikseli 1366 kwa 768, yaani ukifungua tu paneli za kulia na kushoto zinakula nafasi, picha inabaki kama stempu, sasa dawa yake bonyeza kitufe cha Tab, paneli zote zinapotea, ukizitaka unabonyeza tena, halafu F11 ijaze kioo kizima. Zamani madirisha yalikuwa yanaelea hovyo, toka toleo la 2.8 mwaka 2012 unaweza kuyaweka yote kwenye dirisha moja. Ila kutoa bakigraundi kwenye nywele za bi harusi kwa tachipedi aisee ni mateso, nunua mausi, Kariakoo zipo kibao.