Nimelipia kozi ya kusoma Kiarabu, nikaambulia kuchekwa (uzoefu wangu)

Jamani bado nina hasira, nikiandika hovyo mnisamehe. Niko mwaka wa kwanza chuo hapa Mwanza, Kiarabu nimekichukua kama lugha ya kigeni nikijua ni mteremko maana madrasa nimekaa, Juzuu Amma, ile sehemu ya mwisho ya Kurani, nimemaliza utotoni. Nikaona kituo cha tuisheni huku Nyegezi (sikitaji) kina kozi ya kusoma kwa wanaoanza, nikalipa yote kwa mkupuo. Ujinga wangu.

Siku ya pili au ya tatu hivi ustadhi akagawa karatasi haina harakati hata moja, yaani zile alama za irabu. Mimi fatha, kasra na dhamma (a, i, u) ndo macho yangu, ukizitoa nimekuwa kipofu. Akaninyooshea kidole, soma wewe. Al-maktaba, nikapita. Fiiha, yaani ndani yake mna, nikapita. Halafu herufi tatu, kaf, ta, ba. Nikasoma kwa sauti kabisa, "kataba". Akacheka akawageukia wenzangu, "Maktaba ya mwenzenu inaandika!" Darasa zima likaangua kicheko. Akamalizia, "Unasoma kama mtu anayetafuna sato, kila mwiba anausimamia. Meza twende."

Sasa herufi hizo hizo tatu zinaweza kuwa kataba, aliandika, au kutiba, kiliandikwa, au kutub, vitabu, na hakuna aliyetuambia hilo kabla, mi ningejuaje? Nikaenda kwa dada wa mapokezi kudai changu, hata macho hakuinua kwenye simu, "Kaka, hela ikishaingia hairudi."

Usiku usingizi hakuna, nikaichukua ile karatasi ili niichane. Nikaona neno linalofuata, kathiira. Si ndo kukithiri hii? Maktabani mna nini vile kimekithiri... vitabu! Jibu lilikuwa limekaa pale pembeni muda wote nami nimeng'ang'ania herufi tatu jasho linatoka. Toka siku hiyo nasoma sentensi mpaka mwisho ndo narudi nyuma, nasaka kwanza maneno tunayoyajua kwenye Kiswahili, samaki, soko, wakati, hesabu, haya mengine yanajileta yenyewe. Kamusi mwisho kabisa, na yenyewe ilinitesa, maktaba naitafuta kwenye herufi mim kumbe ile kamusi imepangwa kwa mizizi, yaani herufi za asili za neno, basi limelala kwenye kaf na kitabu na katibu. Hilo nalo ustadhi alilisema mara moja tu huku anafuta ubao.

Juzi juzi niko kwenye feri ya Kamanga nasoma habari ya mto Nile kwenye simu, nikakutana na dude linaanza na fa, refu, halieleweki. Nikaangalia la nyuma yake, buhayrat. Bahari ndogo, yaani ziwa. Ziwa Fi... Fiktoria! Kiarabu hakina herufi ya V ndo maana. Nikacheka peke yangu hadi mama mwenye ndoo za dagaa akanitazama, maana ndo hilo ziwa tunaelea juu yake.

Kwa hiyo kozi nzuri? Nilikuja kutoa nyota moja. Baada ya feri nikasema tatu, tena nne, mbinu zinafanya kazi wallahi. Ila nikikumbuka kile kicheko nazirudisha mbili. Rafiki yangu ameniuliza ajiunge nikamwambia jiunge, kaa nyuma.

Na ustadhi, hivi wewe umewahi kula sato kweli? Mwiba haumezwi.