Nimeichangia Wikipedia dola 5: uzoefu wangu, na kama nawe utoe

Kwanza niwatoe wasiwasi: Wikipedia, ile kamusi elezo ya mtandaoni, haifungwi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa na wateja kila lile bango la kuomba mchango linapojitokeza juu ya ukurasa. Nina steshenari hapa Morogoro, jirani na shule ya sekondari, na jioni kazi yangu kubwa ni wanafunzi wanaokuja na swali la kazi ya nyumbani limeandikwa kwenye kipande cha daftari. "Kaka, nitafutie Vita vya Maji Maji, kurasa mbili tu, zisizidi." Nafungua Wikipedia, nakopi, napanga, naprinti, napokea hela yangu. Wakati huo bango limekaa pale juu linasema ni asilimia 2 tu ya wasomaji wanaochanga.

Kisheria sina deni. Leseni yao inaruhusu kunakili, kuchapa na hata kuuza, mradi utaje chanzo na usimzuie mwingine kufanya hivyo hivyo. Lakini mtu anayekula kwa kazi ya wengine lazima siku moja ajiulize, na mimi nilijiuliza. Nikaamua nitoe kwanza, halafu nichunguze pesa inakwenda wapi. Najua wenye hekima hufanya kinyume chake, ila kwa dola 5 sikuona haja ya kuunda kamati.

Kulipa kwenyewe ni rahisi kama una kadi. Ukurasa wao ni donate.wikimedia.org. Unachagua kiasi au unaandika chako, unachagua mara moja au kila mwezi, unajaza jina, barua pepe na namba za kadi. Kuna kiboksi kinachouliza kama utaongeza kidogo kufidia gharama za muamala. Ukichagua mara moja, usishangae kuulizwa tena kama ungependa kiwe kiasi kidogo zaidi lakini kila mwezi. Hapo soma kabla ya kubonyeza, kwa sababu tofauti ya kutoa leo na kukatwa kila mwezi ni kitufe kimoja. Risiti inakuja kwa barua pepe pamoja na shukrani ndefu. Ukishawaachia barua pepe yako, tegemea kukumbushwa msimu ujao.

Usumbufu wangu ulikuwa upande wa kadi. Ya benki iligoma, wakaniambia niende tawini nikajaze fomu ya kuruhusu malipo ya mtandaoni. Nikaona foleni ya nini, nikatengeneza kadi ya mtandaoni kwenye menyu ya pesa za simu. Unahamishia salio, unapewa namba 16 na zile tarakimu tatu za siri, basi. Ila bei waliyobadilishia dola, ukijumlisha na makato, ilifanya mchango wangu unitoke kwa kiasi kikubwa kuliko nilivyopiga hesabu kichwani. Kwa anayetaka kutoa dola 1 kutoka huku, sishauri: makato yatamega sehemu inayoonekana. Bora ukusanye utoe mara moja kwa mwaka.

Sasa pesa inakwenda wapi. Hapa ndipo nilipokaa kwa muda.

Anayepokea ni Wikimedia Foundation, taasisi isiyo ya faida yenye makao San Francisco, Marekani, iliyoanzishwa 2003, miaka miwili baada ya Wikipedia yenyewe kuanza. Hesabu zao zinakaguliwa na KPMG, kampuni ya ukaguzi wa hesabu, na zinawekwa mtandaoni kila mwaka, yeyote anasoma. Kwa hilo nawapa alama zote. Kuna vikundi vya mtaani kwetu nimevichangia ambavyo mpaka leo sijaona hata karatasi.

Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023 waliingiza dola milioni 180 hivi, wakatumia kama milioni 169. Katika matumizi hayo, mishahara na stahiki za wafanyakazi ni milioni 101. Kuhifadhi tovuti kwenye seva, yaani kile ambacho wengi wetu tunadhani ndicho tunachokichangia, ni milioni 3 na kidogo. Ruzuku kwa vikundi na miradi duniani ni kama milioni 24. Na mwisho wa mwaka walibaki na mali halisi, yaani mali ukishatoa madeni, ya milioni 255 hivi. Piga hesabu: wangefunga milango ya michango siku hiyo, wangeweza kuendelea kwa matumizi yale yale karibu mwaka mmoja na nusu. Na hapo hujagusa mfuko wao mwingine wa kudumu, ulioanzishwa 2016 kwa lengo la kufikisha dola milioni 100 ndani ya miaka 10. Walifika 2021, katikati ya safari.

Nilipoona hizo milioni 3, majibu ya haraka yalikuwa kusema tunapigwa. Lakini tuwe waadilifu. Seva haijiendeshi. Mhandisi anayezuia tovuti isilale usiku wa manane, mwanasheria anayesimama mhariri anaposhtakiwa kwa alichoandika, mtu anayehakikisha herufi za lugha ndogo zinaonekana kwenye simu ya bei nafuu, wote wako kwenye fungu la mishahara. Hivyo anayesema "wanahitaji milioni 3 tu" naye anadanganya kwa upande wake. Ninachokataa mimi ni sauti ya kuomba. Bango la mtu mwenye akiba ya mwaka na nusu halipaswi kusomeka kama la mtu aliyekatiwa umeme.

Na si mimi tu. Mwaka 2022 wahariri wa kujitolea wa Wikipedia ya Kiingereza, watu ambao wanaipenda tovuti hiyo kuliko mimi na wewe, walijadiliana na kukubaliana kwamba maneno ya mabango yaliyopangwa hayafai, kwa kuwa yanampa msomaji picha isiyo sahihi ya hali ya fedha. Taasisi ikalazimika kuyapoza. Shirika linaloweza kukosolewa hadharani na watu wake wa kujitolea, kisha likasikia, kwangu lina pointi. Mangapi yangekubali?

Jambo ambalo wateja wangu hawalijui kabisa ni hili: anayeandika makala halipwi. Si kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili. Mchango wako haumfikii aliyeandika ile makala ya Maji Maji niliyoprinti. Anaweza kuwa mwalimu, mstaafu, au mwanafunzi wa chuo aliyejinunulia bando mwenyewe.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003 na sasa ina makala zaidi ya 80,000. Kiingereza kimevuka milioni 7. Ukizunguka kwenye hizo zetu utakutana na kurasa nyingi za kata za Tanzania zilizojengwa kwa mtindo mmoja: jina la kata, wilaya, mkoa, msimbo wa posta, idadi ya watu kwa sensa. Chini kuna kiboksi kinachosema makala hii bado ni mbegu, na kinakuuliza kama unajua kitu kuhusu historia yake, biashara au watu wake, uongeze. Nani ataongeza? Chukua Mazimbu, hapa hapa Morogoro. Ndipo ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walipojenga chuo chao cha Solomon Mahlangu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto wa wakimbizi wa Afrika Kusini wakasoma pale mpaka chuo kilipofungwa 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Hiyo imeandikwa vitabuni, kwa hiyo yeyote anaweza kuiweka kwenye makala na kutaja chanzo.

Lakini kuna mwalimu mmoja wa historia, mteja wangu, aliyejaribu kuandika kuhusu mtaa wake: nani walihamia kwanza, soko lilikuwa wapi kabla halijahamishwa. Alikaa kwenye kompyuta yangu jioni nzima, wazee wake wawili akiwapigia simu kuwauliza. Mkabidhi, yaani yule msimamizi wa kujitolea, akamwandikia kwa adabu kwenye ukurasa wa majadiliano: chanzo kiko wapi? Chanzo ni mzee, na mzee hajachapishwa. Aya ikaondolewa. Mwalimu alinuna, mimi nikamwelewa mkabidhi. Bila sheria hiyo kila mtu angejiandikia ukoo wake kuwa wa kichifu. Ila tatizo linabaki, na dola 5 zangu hazilifikii. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda na kinasa sauti, gazeti la kuchapa, kijitabu cha historia ya kata. Sehemu ya zile ruzuku inaweza kusaidia vitu vya namna hiyo, na vipo vikundi vya wanawikimedia Tanzania na Kenya. Mkutano wao mkubwa wa dunia, Wikimania, ulifika Nairobi Agosti 2025, baada ya Cape Town 2018. Kwa hiyo si kweli kwamba pesa yote inaishia California. Ningependa tu fungu la ruzuku liwe nene kuliko lilivyo.

Kuna walioshawahi kujaribu njia nyingine. Google waliandaa shindano la kuandika makala za Kiswahili kati ya 2009 na 2010, wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania wakashindania zawadi. Makala ziliongezeka kwa kishindo, kisha zawadi zilipokwisha wengi wa waandishi nao wakaondoka. Kulikuwa pia na Wikipedia Zero, mpango wa kusoma bila kukatwa bando kupitia baadhi ya kampuni za simu kuanzia 2012. Ulifungwa 2018. Kwa mwanafunzi wangu anayenunua bando la saa moja, huo ndio mchango ningeutamani urudi.

Mtu ataniuliza: siku hizi si kuna akili unde, Wikipedia ya nini? Hizo programu zimelishwa Wikipedia. Taasisi yenyewe ilieleza mwaka 2025 kwamba mzigo wa kupakua picha na video umepanda kwa asilimia 50 tangu Januari 2024, kwa sababu ya roboti, yaani programu zinazokomba data zenyewe, na baadaye mwaka huo huo ikasema kurasa zinazosomwa na binadamu zimepungua kwa asilimia 8 hivi. Yaani mgeni anakula zaidi huku wenyeji wanapungua. Baadhi ya kampuni kubwa sasa zinalipia huduma maalumu ya kuchukua data hizo, Google wakiwa miongoni mwa wateja wa kwanza mwaka 2022. Sawa sawa. Hao ndio wa kubanwa kwanza, kabla ya mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Basi utoe au usitoe? Kama ni mwanafunzi, au unahesabu bando, usitoe na usijisikie vibaya, funga bango uendelee kusoma. Kama una ofisi, shule ya kulipia, kampuni ya utalii ambayo maelezo ya wanyama kwenye tovuti yako yamekopwa Wikipedia neno kwa neno, toa, na toa ya maana. Ndugu zetu mlioko Muscat, London au Minnesota, ambao kadi zenu hazina shida na malipo ya mtandaoni, nanyi mnaweza. Mimi nitatoa tena mara moja kwa mwaka, dola 5 zile zile. Kila mwezi hapana, siyo kwa akiba ile. Ningekuwa natoa nyota, kamusi elezo yenyewe ingepata tano kwa Kiingereza na tatu kwa Kiswahili, uwazi wa hesabu tano, maneno ya mabango mbili.

Kuna kitu kingine cha kuchangia ambacho wengi hawakijui, nacho kimenisaidia dukani kuliko vyote. Kinaitwa Kiwix, programu ya bure inayokuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti. Ni shirika jingine la Uswisi, lina michango yake peke yake. Faili la Kiingereza lenye picha ni kubwa mno, zaidi ya GB 100, lakini la Kiswahili linaingia kwenye flashi ya kawaida. Nimeliweka kwenye kompyuta ya mbele. Bando likiisha au mtandao ukizingua, mtoto anapata mada yake na mimi naprinti. Shule yenye kompyuta chache na isiyo na intaneti inaweza kufanya hivyo bure leo hii. Mkikwama kuliweka, njooni na flashi yenu.

La mwisho kwa mnaotaka kutoa: lipa kupitia ukurasa wao rasmi tu. Ukitumiwa WhatsApp namba ya simu yenye jina la mtu, eti "changia Wikipedia Tanzania, tuma kwa namba hii", hao siyo wao. Futa.