Nimepanda teksi isiyo na dereva na bimkubwa wangu: Waymo hapa Phoenix

Haya wadau, mlioniuliza hizi teksi zinazojiendesha zikoje, jumamosi nimepanda Waymo na bimkubwa, kaja kunitembelea toka Tanga, nikasema niandike kabla sijasahau. Nyota nimetoa 4. Na niseme mapema kwamba mi mwenyewe wikiendi usiku naendesha teksi ya mtandaoni, kwahiyo hawa jamaa sina sababu ya kuwapigia debe, tunachota kisima kimoja na ndoo yao ni kubwa kuliko yangu.

Tulikuwa tunatoka kwangu Tempe kwenda Mesa, vyote ni vijiji vya mjini hapa hapa pembeni ya Phoenix, kule barabara ya Dobson kwenye soko la Waasia, maana ndiko unapata samaki mwenye kichwa chake, mihogo, bamia, bimkubwa alishachoka na kuku wa Marekani anasema hana ladha ni kama anatafuna pamba. Gari yangu iko gereji. Nikaita teksi ya kawaida, kampuni siitaji, dereva wa kwanza akakubali akakanseli, wa pili akasogea mpaka mtaa wa jirani naye akakanseli, dakika 25 zinakatika mama wa watu kasimama na mtandio wake na jua la Arizona mwezi wa 6 sio la kuchezea jamani. Ndio nikasema ngoja tujaribu hiyo nyingine.

Ikaja Jaguar nyeupe ya umeme, haina hata mlio, juu imebeba kitu kama sufuria imefunikwa na hapo kwenye sufuria panawaka herufi za jina langu ili nisigombanie gari na mtu. Vitasa vimelala ndani ya mlango, unabonyeza kwenye simu ndio vinachomoza. Bimkubwa akachungulia siti ya mbele kulia, ndiko dereva anakokaa kwetu, hamna mtu. Nikamwambia mama huku usukani uko kushoto. Akachungulia kushoto, hamna mtu.

"Mwanangu, dereva kashuka kujisaidia?"

Nikamwelewesha, akanitazama vile alivyokuwa ananitazama nikisema kaptula ya shule imeibiwa. Ila joto lilishamshinda, akaingia. Sauti ya mwanamke ikatukaribisha, ikasema tufunge mikanda, nikabonyeza kitufe cha kuanza kwenye skrini ya abiria wa nyuma, usukani ukajizungusha wenyewe tukatoka. Aisee hapo ndipo moyo unaruka, hata kama umeona video mia. Bismillah ilisomwa mpaka taa ya pili na mkono wangu ulibanwa mpaka ukafa ganzi.

Sasa uendeshaji wenyewe. Mi ni dereva, nimeanzia Hiace kule nyumbani kabla sijaja huku, kwahiyo mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga breki hewani muda wote. Sikupata kosa. Inaacha nafasi, inaonyesha indiketa mapema, haichomekei, haitukani mtu. Kuna taa moja tulikuwa wa kwanza, ikawa kijani, gari haiondoki. Nikataka kuanza kulalamika, kumbe kuna dogo kwenye ubao wa matairi anakatiza kutokea nyuma ya basi upande wa kulia, mi nilikuwa sijamuona kabisa! Kwenye skrini yetu alishachorwa, kikatuni kidogo cha mtu kinatembea. Dogo akapita, gari ikaondoka taratibu kama bibi harusi. Mkono wangu ukaachiwa hapo.

Inaonaje? Hizi Jaguar zina kamera 29, zina rada, na zina ile lida, ndio chombo chenyewe kilichopo kwenye sufuria na pembeni mwa gari. Lida inarusha mwanga wa leza na kupima unachukua muda gani kurudi, hapo inajua kila kitu kiko umbali gani hata usiku wa giza totoro. Na mji wameshauchora ramani sentimita kwa sentimita kabla, ndio maana haikupeleki popote unapotaka bali ndani ya eneo lao tu. Na wanaosema kuna mtu ofisini ameshika rimoti, hapana, gari inajiendesha yenyewe, ila ikikwama haielewi inauliza binadamu wa kampuni na anaishauri. Hii kitu haikuota jana pia, ilianza kama mradi wa Google 2009, jina la Waymo likaja 2016, na ni hapa hapa Phoenix walipofungulia watu wote wapande bila dereva, Oktoba 2020.

Lakini tusidanganyane. Hapa hapa Tempe, Machi 2018, gari ya majaribio ya Uber ilimgonga na kumuua mama aliyekuwa anakokota baiskeli akivuka barabara usiku. Hiyo ilikuwa na mtu kwenye usukani wa kuiangalia, ila alikuwa na simu. Na uchunguzi ukaonyesha gari ilishamuona sekunde 5 na zaidi kabla, ikawa inabadili mawazo, mara ni gari, mara ni kitu tu, mara ni baiskeli, mpaka ikachelewa. Hilo ndilo linanitisha kuliko yote, sio kwamba haikuona, iliona ikakosa jina la ilichokiona. Uber baadaye wakauza kile kitengo. Wengine ni Cruise, teksi za kampuni ya magari ya General Motors (GM), Oktoba 2023 San Francisco mwanamke alirushwa na gari la mtu akaangukia mbele ya teksi yao, teksi ikamgonga ikasimama, halafu badala ya kutulia hapo ikamburuta kama mita 6 ikidhani inajisogeza pembeni. Wakanyang'anywa kibali, na mwishoni mwa 2024 GM wakaachana na biashara ya hizo teksi.

Waymo nao wana yao. Disemba 2025 umeme ulikatika San Francisco, taa za barabarani zikazima, na magari yao kibao yakasimama katikati ya makutano yanasubiri kuthibitishiwa na watu wa ofisini. Mi nilicheka peke yangu. Sisi tumekulia umeme wa kukatika, taa zikizima Dar anaingia trafiki na glavu nyeupe, asipokuwepo anajitolea hata muuza karanga kuongoza magari na maisha yanaendelea! Mwezi huo huo ikabidi waite magari yote kurekebisha programu kwa sababu yalikuwa yanapita mabasi ya shule yaliyosimama kushusha watoto. Takwimu wanazotoa wenyewe zinasema ajali za kuumiza watu ni chache kuliko za madereva binadamu, nami kwa nilichokiona naamini kwa sehemu kubwa, ila mpishi hawezi kukwambia pilau lake limeungua.

Nyota moja nimeibania kwa sababu ya mambo ambayo sio ya kuendesha. Bimkubwa ana goti bovu, dereva yeyote mwenye utu angeshuka kumshika mkono, hapa ukiwa peke yako na goti lako ni wewe na Mungu wako. Mzigo unapakia mwenyewe kwenye buti. Gari haipokei "sogea kidogo mbele pale kwenye kivuli", unasogeza alama kwenye apu au unatembea. Na kamera zipo ndani, kwahiyo ukikuna mgongo ujue unaonekana. Bei siku hiyo ilikuwa dola 3 juu ya ile teksi iliyotukanseli, lakini Waymo hamna bahashishi, kwahiyo ngoma droo.

Bahashishi hiyo hiyo ndiyo kodi ya nyumba ya watu. Nenda foleni ya teksi za apu pale uwanja wa ndege wa Sky Harbor usiku, utasikia Kisomali, Kiamhara, Kinyarwanda, na Kiswahili cha Kongo kwa wingi sana. Ni kazi ambayo mtu akishuka na cheti cha udaktari ambacho hakitambuliki huku, anaweza kuianza, hahitaji Kiingereza cha kutisha wala mjomba wa kumuunganisha. Hizi nyeupe nazo zinabeba abiria hapo hapo uwanjani, saa 24, hazilali, hazili. Mnaosema watajifunza kazi nyingine, mzee wa miaka 58 ajifunze nini, kurekebisha lida?

Kurudi tulikuwa na kilo 6 za samaki kwenye barafu na maji yanachuruzika, nikaogopa kuchafua siti za watu mbele ya kamera, nikaita teksi ya mtu. Safari hii hakukanseli. Akaja mzee mmoja na Toyota yake, akashuka, akatandika magazeti kwenye buti, akamshika bimkubwa mkono, akasikia lafudhi. "Mama, uko mutu wa wapi?" Yeye wa Bukavu, Kongo. Basi wakaongea njia nzima, mara mihogo ya Tanga, mara sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, mi nikawa mfuko wa tatu wa samaki. Tukapishana na moja ya zile nyeupe, mzee akaguna, akauliza mama umeshawahi kuingia kwenye ile, inaendaje.

Bimkubwa hajui kudanganya. "Baba, tumeijia. Haina salamu. Lakini inaendesha vizuri kuliko wewe."

Mzee akacheka sana, na mi nikacheka. Toka pale mpaka mlangoni kwangu hakuzidi maili 30 kwa saa, na dogo mmoja nyuma yetu akatupigia honi mpaka akachoka.