Pedi ya kupasha joto kioo cha bafuni: kazi inafanya, shida ni ufungaji

Pedi hii ya kubandika nyuma ya kioo ni plastiki nyembamba yenye nyaya za joto ndani. Ya sentimita 40 kwa 60 hula takriban wati 50 tu. Haikaushi bafu, inakipasha kioo joto hadi juu ya kiwango ambacho mvuke hugeuka matone, hivyo ukungu haujitokezi. Sehemu isiyofunikwa na pedi itabaki na ukungu, kwa hiyo pima eneo la uso wako kwanza.

Kuibandika ndiko kunakoharibu wengi. Futa mgongo wa kioo kwa spiriti, uache ukauke, kisha bandika ukisukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni. Penye kiputo joto haliingii kwenye kioo, na pedi huweza kuungua hapohapo. Usiikate, usiikunje, usiitoboe kwa skrubu, wala usipandanishe mbili.

Fundi umeme aiunganishe na swichi ya taa, kwenye laini yenye kikata umeme cha miliampia 30 (kinachozima umeme unapovuja). Washa dakika tano kabla ya kuoga. Kwa bafu lenye dirisha kubwa, sioni haja ya kuinunua.